Vyombo vya Dhahabu na Mikono Iliyovilipia

Mtume Paulo, katika waraka wake wa pili kwa Timotheo (2:20-21), anatumia mfano wa vyombo vya nyumba kubwa. Anataja vile vya thamani na vile vya kawaida vikikaa chini ya paa moja, kisha anatupeleka kwenye swali ambalo mgeni wa nyumba hiyo asingeliuliza. Mgeni angeuliza chombo kimetengenezwa kwa madini gani. Paulo anauliza kama chombo ni safi, na kama kinamfaa mwenye nyumba.

Wengi wetu tunakisoma kifungu hiki bila kuwahi kuingia katika nyumba ya namna hiyo. Kwa hiyo naomba tutembelee jimbo moja la Uingereza, Wiltshire, lililo kusini-magharibi mwa nchi hiyo. Huko kuna habari za meza mbili zilizowekewa vyombo vya fedha vyenye dhahabu. Moja ilikuwa ya tajiri mmoja wa miwa, na nyingine ni Meza ya Bwana katika kanisa la kijiji. Nikiwa mchungaji nimejifunza mengi kwa kuziweka meza hizo mbili sambamba, na natumaini nawe msomaji utaona faida.

Fedha iliyovikwa dhahabu

Tuanze na vyombo vyenyewe. Ninaposema fedha hapa nina maana ya madini, si pesa, ingawa tutaona kwamba kwa makabaila wa Uingereza tofauti hiyo ilikuwa ndogo. Chombo cha dhahabu tupu kilikuwa ghali mno hata kwa matajiri, na dhahabu tupu ni laini. Basi mfua fedha alitengeneza sahani, bakuli au kikombe cha fedha, kisha akakivika ngozi nyembamba ya dhahabu. Mezani, chini ya mwanga wa mishumaa, mgeni aliona dhahabu.

Kwa karne nyingi kazi hiyo ilifanywa kwa zebaki. Ndugu zetu wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya wanaijua kazi ya zebaki: inashikana na dhahabu, na ukiichoma hupaa na kuiacha dhahabu. Fundi wa London alifanya jambo lile lile. Alichanganya dhahabu na zebaki mpaka ikawa kama uji mzito, akaupaka juu ya fedha, kisha akakichoma chombo motoni. Zebaki ilitoka kama mvuke, dhahabu ikabaki imeshika. Mvuke ule uliingia pia mapafuni mwa fundi. Waliofanya kazi hiyo kwa miaka mingi walitetemeka mikono, walioza fizi, na wengi walikufa kabla ya wakati wao. Ni katika miaka ya 1840, baada ya kampuni ya Elkington ya Birmingham kupata hataza ya kupaka dhahabu kwa nguvu ya umeme, njia ile ya sumu ilipoanza kuachwa.

Kulikuwa na sababu za kweli za kupaka dhahabu, si fahari peke yake. Chumvi huila fedha, yai huitia weusi, na asidi ya matunda huiacha na madoa. Dhahabu haisumbuliwi na vitu hivyo. Ndiyo maana vyombo vya chumvi vilipakwa dhahabu kwa ndani, na seti za kulia matunda mwishoni mwa karamu mara nyingi zilipakwa dhahabu zote. Vikombe vya Chakula cha Bwana navyo, katika makanisa mengi duniani, hupakwa dhahabu kwa ndani ili divai isigusane na fedha.

Waingereza walikuwa makini sana kuhusu ukweli wa madini. Mwaka 1300, chini ya Mfalme Edward wa Kwanza, sheria iliagiza kwamba chombo cha fedha kiwe na sehemu 925 za fedha safi katika kila 1,000, na kwamba kisitoke mkononi mwa fundi kabla ya kupimwa na kupigwa mhuri wa kichwa cha chui. Kuanzia mwaka 1478 iliongezwa herufi inayobadilika kila mwaka, ili aliyepima aweze kutafutwa endapo amedanganya. Hata leo ukigeuza sahani ya zamani ya Kiingereza unaweza kusoma mji ilipopimwa, mwaka wake, na mara nyingi fundi wake. Aliyenunua chombo chenye dhahabu juu hakudanganywa. Mhuri ulimwambia kwamba chini yake kuna fedha, na fedha nzuri.

Tuikumbuke mihuri hiyo, maana tutairudia.

Akiba iliyokaa mezani

Kabla benki hazijaenea, kabaila aliweka akiba yake kabatini na mezani. Chombo cha fedha kilihesabiwa kwa uzito wake, na mara nyingi idadi ya aunsi ilikwaruzwa chini yake. Siku ya karamu kilikuwa heshima ya ukoo, na nembo ya familia ilichorwa juu yake. Siku ya shida kilipelekwa kuyeyushwa kikawa sarafu. Mitindo ilipobadilika, sahani za babu ziliyeyushwa zikawa bakuli za mjukuu.

Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1642, Mfalme Charles wa Kwanza aliweka makao yake Oxford, na vyuo vya mji huo vilitoa vyombo vyao vya fedha vikayeyushwa ili askari walipwe. Upande wa Bunge nao ulipokea vyombo vya wafuasi wake. Karne iliyotangulia, Henry wa Nane alipozifunga nyumba za watawa kati ya mwaka 1536 na 1540, hazina zake zilipokea vyombo vingi vya ibada. Mwanawe Edward wa Sita, mfalme Mprotestanti, naye aliwatuma maofisa kuchukua vyombo vilivyosalia katika makanisa, na kuachia kila usharika kikombe kimoja au viwili. Sisi watoto wa Matengenezo ya Kanisa yatupasa kulisema hili waziwazi: vingi katika vyombo vile havikwenda kwa maskini. Vilikwenda kwenye hazina ya serikali.

Kwa hiyo vyombo vya kale vya fedha vya Uingereza vilivyosalia ni vichache sana. Kilichosalia, mara nyingi kilisalia kwa kuwa kilitoka mikononi mwa familia mapema, kikapewa chuo, chama cha mafundi, au kanisa.

Kikombe cha Lacock

Kimoja cha namna hiyo ni kikombe cha kijiji cha Lacock. Kilitengenezwa katika karne ya 15, kwa fedha yenye mistari na mapambo ya dhahabu, nacho kina mfuniko wake. Hakikutengenezwa kwa ajili ya ibada. Kilikuwa kikombe cha karamu, cha kupitishwa kati ya wageni wa mtu mwenye mali. Hakina nembo ya ukoo, na jina la mwenye karamu halijulikani.

Kwa njia fulani kikombe hicho kilifika katika Kanisa la Mtakatifu Cyriac, Lacock, na hapo kwa takriban miaka 400 kilitumika katika Chakula cha Bwana. Fikiria jambo hilo, mpendwa msomaji. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya wachache waliokaa mahali pa heshima kiligusa midomo ya wakulima, wafumaji, watumishi wa ndani na wajane wa kijiji, kizazi baada ya kizazi. Hakuna aliyelazimika kuwa na nembo ili anywe humo. Kilinusurika kuyeyushwa kwa sababu kiliendelea kutumika, na kilitumika kwa sababu kilikuwa cha wote.

Mwaka 1963 kilikopeshwa kwa Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Miaka mingi baadaye usharika ulihitaji fedha za kulitunza jengo la kanisa, ukaomba ruhusa ya kukiuza. Baadhi ya watu wa kijiji walipinga, wakisema si haki kuuza kitu walichoachiwa na wazee wao. Shauri lilifika mbele ya mahakama ya kanisa, nayo iliruhusu. Mwaka 2013 kikombe kilinunuliwa kwa pauni milioni 1.3 na Jumba hilo la Makumbusho pamoja na Makumbusho ya Wiltshire, ambayo sasa yanakimiliki kwa pamoja.

Siwalaumu waliouza wala waliopinga. Pande zote mbili ziliamini jambo moja la msingi, kwamba kile si mali ya mtu binafsi, na kwamba waliokuwa hai walikuwa mawakili tu. Mabishano ya mawakili kuhusu njia bora ya kutunza ni mabishano ya heshima.

Meza ya Fonthill

Sasa twende kusini kidogo katika jimbo lile lile, hadi Fonthill. Hapo aliishi William Beckford, aliyezaliwa mwaka 1760. Baba yake alikuwa Meya wa London mara mbili, na alipofariki mwaka 1770 alimwachia mtoto huyo utajiri mkubwa kuliko wa wengi waliokuwa na vyeo vya kikabaila. Utajiri huo ulitoka Jamaika, kwenye mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa kutoka Afrika. Beckford hakuwahi kuyaona mashamba hayo. Mwaka 1787 alipanda meli kwenda huko, lakini ilipotia nanga Lisbon alishuka, na hakuendelea na safari.

Kwa upande wa mama yake alikuwa na damu ya ukoo wa Hamilton, na alitamani sana kuhesabiwa kuwa kabaila. Alitaka cheo cha ulodi, hakukipata. Kile ambacho mfalme hakumpa, alikitafuta kwa wafua fedha. Aliagiza vyombo vingi vya fedha iliyopakwa dhahabu, vyenye ustadi mkubwa, na juu yake akaamuru lichorwe ua la petali tano, alama ya ukoo wa Hamilton, na alama nyingine za koo za kale alizodai ni zake. Kila sahani ilimwambia mgeni jambo ambalo Beckford alihitaji watu waliamini.

Kuanzia mwaka 1796 alijijengea jumba lenye sura ya monasteri, akaliita Abasia ya Fonthill, ingawa humo hapakuwa na watawa wala sala za watawa. Mnara wake ulipanda zaidi ya mita 80. Mwezi Desemba 1800 alimkaribisha shujaa wa bahari, Admirali Nelson, na walioshuhudia waliandika kuhusu mstari mrefu wa sahani kubwa za fedha zilizopangwa mezani kwa kuiga karamu za abasia za kale. Lakini siku nyingi Beckford alikula na watu wachache sana, au peke yake, maana majirani wa tabaka lake walimtenga kwa sababu ya kashfa.

Hapa turudi kwenye ile mihuri. Kila sahani yake ilikuwa imepimwa. Mtu angeweza kuigeuza na kuona kwamba fedha yake ni 925 katika 1,000, bila udanganyifu. Mihuri ile ilithibitisha usafi wa madini. Haikuweza kuthibitisha usafi wa mali. Hapakuwa na fundi wala mpimaji London aliyetakiwa kuuliza miwa ilikatwa na nani, kwa mjeledi wa nani, na ni watoto wangapi waliozikwa pembeni mwa shamba. Na fedha yenyewe ilikuwa na habari yake. Tangu karne ya 16 sehemu kubwa ya fedha iliyoingia Ulaya ilitoka Amerika ya Kihispania, ikiwamo migodi ya Potosí katika nchi ya Bolivia ya leo, ambako wenyeji waliandikishwa kwa lazima kuingia mashimoni.

Sisi tunaoishi karibu na Bagamoyo na Zanzibar hatuhitaji kuelezwa sana utumwa ni nini. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kuufuta katika makoloni yake mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20 za fidia, na fidia hiyo walilipwa wenye watumwa. Beckford alikuwa miongoni mwao. Alipata zaidi ya pauni 12,000 kwa ajili ya watu zaidi ya 600. Watu hao wenyewe hawakulipwa chochote, na sheria iliwafunga wengi wao katika kazi kwa wamiliki wale wale hadi mwaka 1838.

Minada

Ikawaje kuhusu vyombo? Bei ya sukari ilishuka, kesi za mashamba zilimmaliza, na ujenzi ulikula kilichobaki. Mwaka 1822 Beckford aliiuza Fonthill kwa takriban pauni 300,000 kwa John Farquhar, mtu aliyetajirika kwa baruti huko India. Vitu vingi vikaenda mnadani mwaka uliofuata. Tarehe 21 Desemba 1825, ule mnara mrefu ulianguka. Inasimuliwa kwamba msimamizi wa ujenzi alikiri akiwa kitandani pa kufa kwamba msingi haukujengwa kama ulivyolipiwa. Iwe kweli au la, msomaji wa Mathayo 7 hatashangaa.

Beckford alihamia Bath na vitu alivyovipenda zaidi, akafa huko mwaka 1844. Binti yake Susan Euphemia alikuwa ameolewa mwaka 1810 na mrithi wa Duke wa Hamilton, hivyo mikusanyo ya baba ilikwenda katika Jumba la Hamilton, Scotland. Lile ua la petali tano lilikuwa limefika nyumbani hatimaye. Halikukaa. Mwaka 1882 madeni yalimlazimu Duke wa kumi na mbili kuuza. Mnada uliofanywa na Christie's, London, uliendelea kwa siku 17 na ukaingiza karibu pauni 400,000. Vitu vikatawanyika katika nchi nyingi. Jumba lenyewe lilibomolewa katika miaka ya 1920, ardhi yake ikiwa imeanza kutitia. Chini yake yalikuwa yamechimbwa makaa ya mawe, na makaa hayo yalikuwa sehemu kubwa ya utajiri wa ukoo. Familia ilikuwa imekula ardhi iliyosimamia nyumba yake.

Leo unaweza kuona sahani au sanduku lenye ua lile katika kabati la kioo la makumbusho, na kibao kidogo chenye jina la Beckford. Waliokata miwa hawana kibao.

Askofu aliyeyeyusha vikombe

Mtu atasema: basi Kanisa lisiwe na vyombo vizuri. Sivyo ninavyosema. Yule mwanamke wa Bethania alimwaga marhamu ya thamani, na Bwana alimtetea dhidi ya waliomkemea. Uzuri unaotolewa kwa upendo si dhambi.

Lakini tusikilize pia habari ya Ambrosi, askofu wa Milano. Mwaka 378 Warumi walishindwa vitani huko Adrianopoli, na watu wengi wakachukuliwa mateka na Wagothi. Ambrosi alichukua vyombo vya fedha na dhahabu vya kanisa lake, akaviyeyusha, akawakomboa mateka. Wapinzani wake walimshtaki kwa kuharibu vitu vitakatifu. Alijibu katika maandishi yake kwamba Kanisa lina dhahabu kwa ajili ya kuwasaidia wahitaji, si kwa ajili ya kuifungia, na kwamba sakramenti hazihitaji dhahabu ili ziwe sakramenti. Kwake pambo la kweli la vyombo vile lilikuwa ni watu waliokombolewa.

Mlinganishe na Beckford. Kule Fonthill, watu waligeuzwa kuwa sahani. Kule Milano, sahani ziligeuzwa kuwa watu. Kila sadaka, kila kikombe na kila jengo liko kwenye mojawapo ya njia hizo mbili, na dhahabu iliyo juu haitakuambia ni ipi.

Mezani petu

Sharika zetu hazina mabakuli ya Fonthill. Hata hivyo tuna mihuri yetu. Tunasoma majina ya watoaji kwa mpangilio wa kiasi walichotoa. Tunaweka viti vya mbele kwa waliochangia paa, jambo ambalo Yakobo katika sura yake ya pili amelikemea bila kuuma maneno. Tunahesabu ahadi, tunapima bahasha, na mhasibu wa usharika anahakikisha kwamba hakuna senti iliyopotea. Hayo ya hesabu ni mema. Lakini yanapima madini tu.

Yakobo anaendelea katika sura ya tano kusema kwamba ujira uliozuiliwa una sauti, na sauti hiyo inafika masikioni mwa Bwana. Basi maswali mengine yanatupasa. Msichana anayefanya kazi nyumbani mwangu, anayeamka kabla yangu ili mimi niwahi ibada ya kwanza, amelipwa mwezi uliopita? Kijana anayelima shamba langu la mahindi anajua atapokea kiasi gani? Vibarua waliomwaga zege la kanisa letu jipya walilipwa kabla ya siku ya kulizindua? Bwana wetu katika Mathayo 5 anamwagiza mtu aliye na sadaka mkononi aiache kwanza madhabahuni, aende akapatane na ndugu yake. Maana yake ni kwamba hata sadaka njema inaweza kusubiri, na aliyekosewa hapaswi kusubiri.

Martin Luther, akieleza amri ya kwanza katika Katekisimu Kubwa, anafundisha kwamba kile ambacho moyo wa mtu unakitegemea, hicho ndicho mungu wake hasa. Beckford alitegemea sahani zimpe jina. Hazikuweza. Katika Ubatizo tumepewa jina ambalo hakuna mnada utakaolitawanya, na hatukulilipia. Aliyelilipia hakutumia fedha wala dhahabu, kama Petro anavyotukumbusha katika waraka wake wa kwanza, bali alitoa uhai wake mwenyewe.

Mtu aliyepewa hivyo anaweza kuachilia. Anaweza kutoa kikombe cha karamu yake bila kuandika jina lake juu yake, kama alivyofanya yule wa Lacock ambaye hatumjui. Anaweza kumlipa mtumishi wake Jumamosi, kisha Jumapili akaja mezani pa Bwana na kukipokea kikombe pamoja na mtumishi huyo, bega kwa bega, wakinywa divai ile ile.